Saa tatu tu ndani ya makumbusho ya Heraklion, Krete: nianzie wapi?

Mama Mizabibu (Mpunguzi)

Mbukwenyi wakuu, na shikamooni wazee mliomo.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, ekari mbili na nusu, sehemu kubwa Makutupora nyekundu na kipande cha Chenin Blanc. Mwezi ujao nakwenda Krete, Ugiriki, siku kumi, mafunzo ya usindikaji, tuko wanne. Ratiba tumeshaletewa: shamba, kiwanda, shamba, kiwanda, halafu siku ya tisa wameandika mapumziko ya saa tatu mjini Heraklion. Wenzangu wamesema wazi kwamba wao ni dukani. Mimi nataka kuingia makumbusho ya akiolojia, maana nasikia ndimo vilimo vitu vya wale watu wa kale wa kisiwa hicho, Waminoa, na kwamba walikuwa wakikamua mchuzi wa zabibu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Sasa shida yangu. Makumbusho niliyowahi kuingia maishani ni moja, ya Dar, nilipowasindikiza watoto wa shule. Nilitoka nakumbuka fuvu na kiu. Chumba cha kwanza nilisoma kila kibao, cha pili nusu, vilivyobaki nilikuwa natafuta pa kukaa. Sitaki kupanda ndege mbili halafu nikarudie yaleyale. Goti langu la kulia nalo tangu msimu wa kupogoa halitaki ngazi.

Kwa hiyo nauliza: mtu asiye msomi wa mambo haya, mwenye saa tatu na goti moja zima, aangalie nini humo na apite nini bila kujilaumu?

Mume wangu anasema hiyo Krete ndiyo aliyoachwa Tito, na kwamba mtume Paulo alishaonya kuhusu tabia za wenyeji wake. Hilo msinijibu, analijibu mwenyewe kila jioni.

Mdau wa Nkuhungu

Mama, vyungu vimejaa sokoni Majengo. Nenda dukani na wenzako.

Baharia Mstaafu

Usimsikilize huyo kijana. Nimefunga gati Heraklion mara nne enzi zangu, na makumbusho nimeingia mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya mvua.

Kwanza toa kichwani picha ya kisiwa kama Mafia. Krete ina urefu wa kilomita kama 260, ni sawa na kutoka hapa Dodoma hadi Morogoro, na katikati milima mirefu yenye theluji wakati wa baridi. Watu wake wa kale hawakuwa wavuvi wa pwani tu, walikuwa na mabonde, mashamba, mifugo.

Makumbusho yako karibu na uwanja wa Eleftherias, kutoka bandarini ni mwendo mfupi wa kupanda. Jihadhari na asubuhi ambayo meli za watalii zimeingia. Meli moja ikishusha watu, kabati moja linazungukwa na vichwa hamsini na simu hamsini. Jengo ni la ghorofa moja juu ya ile ya chini. Chini vitu vimepangwa kwa kufuata zama, juu ndiko iliko michoro ya ukutani. Kwa goti lako uliza lifti mapema, usingoje mpaka uchoke. Na usijaribu kuunganisha na magofu ya Knossos siku hiyohiyo. Ni kilomita tano tu kutoka mjini lakini saa tatu hazitoshi viwili, utaona vyote nusu.

Mwalimu wa Kondoa

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha historia miaka 34 na sijafika Krete, lakini nimewasoma hao watu kuliko nilivyowasoma majirani zangu.

Jina Waminoa si lao. Mwingereza Arthur Evans alipoanza kuchimba Knossos mwaka 1900, aliwaita hivyo kwa kumfuata Minos, mfalme wa hadithi za Wagiriki, yule wa jitu lenye kichwa cha fahali lililofungiwa kwenye vichochoro. Wenyewe walijiitaje, hatusomi popote, kwa kuwa maandishi yao ya zamani, yanayoitwa Linear A, mpaka leo hayajasomeka. Yaliyosomeka ni Linear B, yaliyokuja baadaye Wagiriki wa bara walipokwisha kushika kisiwa. Aliyeyafungua ni Michael Ventris, mwaka 1952, na hakuwa profesa, alikuwa mchora ramani za majengo. Dunia ilisubiri mashairi na sala za wafalme. Zikatoka hesabu! Kondoo wangapi, sufu kiasi gani, mafuta mitungi mingapi, fulani kapokea, fulani bado anadaiwa. Kondoo peke yao katika vibao vya Knossos wanakaribia laki moja. Na vibao vyenyewe vilikuwa udongo mbichi uliokaushwa tu, vya kutumika mwaka mmoja na kutupwa. Kasri lilipoungua, moto ukavichoma vikawa kama matofali, ndiyo maana vimetufikia. Mkulima wa ushirika kama wewe simama mbele ya hivyo vibao, vidogo kama jani la mnazi lililokatwa, utaona daftari la karani.

Kisahani cha Phaistos, kasri jingine la kale la Krete, utakiona tu, kila mtu anakisogelea. Kilipatikana 1908. Udongo wa kuchoma, kipenyo cha sentimita 16 hivi, pande zote mbili alama zimezunguka kama konokono, 241 kwa jumla, na kila moja imegongwa kwa muhuri udongo ukiwa mbichi. Hebu fikiri, mtu aliyechonga mihuri 45 tofauti ili aandike kisahani kimoja! Ama kulikuwa na vingine vingi, ama alikuwa na muda kuliko mtendaji wetu wa kata.

Sasa onyo, na hili lishike. Vingi utakavyovisifu humo ni nusu kazi ya Waminoa na nusu kazi ya mafundi wa Evans. Yule mungu mke mdogo mwenye nyoka mikononi, kichwa chake hakikupatikana, uso unaouona umetengenezwa. Mchoro wa mkuu wa mayungiyungi, kijana anayetembea na taji la manyoya ya tausi, umeunganishwa kwa vipande vya kiwiliwili, mguu na taji ambavyo huenda havikuwa hata vya mtu mmoja, na sura yake haikuwamo. Angalia ukutani: palipoinuka na kuchakaa ndipo pa kale, palipo laini ndipo pa fundi. Usiwachukie mafundi, ila usiwalipe sifa isiyo yao.

Na mwisho, nisamehe, ni donda langu. Tuna Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981. Tuna Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane kwenye jabali juu ya bahari. Tuna sarafu zilizofuliwa kwa jina la sultani wa Kilwa, moja ikaokotwa hadi kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Siku utakayouliza hapa saa tatu za Kilwa nizitumieje, nitakuandikia kurasa kumi.

Mizinga ya Itigi

Mama naomba unifanyie kazi moja. Humo ndani kuna kidani cha dhahabu, nyuki wawili, kilitoka makaburini mahali panaitwa Malia. Nimeona picha yake kwenye kalenda ya chama chetu cha wafuga nyuki, imechapishwa vibaya. Kuna mtu aliniambia si nyuki, ni manyigu. Nina mizinga 60 na hili linaninyima usingizi. Tazama kiuno. Nyigu ana kiuno cha uzi. Piga picha ya karibu, ya ubavuni kama inawezekana.

Mama Mizabibu (Mpunguzi)

Nimesikia. Mwalimu, nimekuelewa habari ya Kilwa, haki yako. Kiuno cha nyuki nimekiandika kwenye daftari la safari chini ya "dawa ya goti".

Mama Mizabibu (Mpunguzi)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki sita, nilikuta palizi imenisubiri.

Saa tatu ziligeuka saa mbili kasoro. Dereva wetu alikwenda kunywa kahawa na huko kahawa hainywewi kwa haraka. Niliingia saa nne na dakika zake, na meli ya watalii ilikuwa imetangulia, Baharia alisema kweli. Lifti niliiuliza mlangoni, lakini nikaamua kuanza chini.

Niseme ukweli, chumba cha kwanza na cha pili niliona vyungu. Vizuri, lakini vyungu. Vya baadaye vinavyoitwa Kamares ndivyo vilivyonisimamisha: vyeusi, maua meupe na mekundu, vingine ukingo wake mwembamba kama ganda la yai. Mama yangu mzaa chema alikuwa mfinyanzi, najua chungu chembamba kinavyopasuka tanuruni. Hao walipoteza vingapi mpaka wakapata kimoja?

Kichwa cha fahali cha jiwe jeusi nilikizunguka mara tatu. Ni chombo cha kumiminia, unajaza shingoni, kinatoka mdomoni. Nikakumbuka onyo la Mwalimu, nikatafuta mshono, nikauona: upande mmoja ndio wa kale, mwingine umejaziwa, na pembe za dhahabu ni za fundi. Lakini jicho la kale! Ni kipande cha jiwe angavu kama kioo, mboni imepakwa rangi kwa nyuma, kwa hiyo ukisogea linakufuata. Mimi nimekua na ng'ombe. Hilo ni jicho la fahali anayejiuliza kama wewe ndiye uliyemfunga jana.

Kuna chombo cha jiwe kutoka Agia Triada kiitwacho cha wavunaji. Kimebaki nusu ya juu tu, kadiri ya kushika kwa viganja viwili. Wanaume 27 wanakwenda kwa mstari, mabegani fito ndefu zenye meno mbele, mmoja anatikisa kayamba na mdomo kaupanua mpaka mbavu zinahesabika, nyuma yake waitikiaji. Mmoja amegeuka kumfokea mwenzake wa nyuma. Vibao vya maelezo vinasema wataalamu wanabishana kama ni mavuno ya ngano au ya zeituni. Mimi sikubishana na mtu, ila nimeshawahi kutembea kwenye mstari huo, tukitoka kulima kwa ujima, pombe imeshaandaliwa nyumbani kwa mwenye shamba, na kila mstari una mmoja wa kugeuka kufoka.

Sasa kitu kilichonila muda wangu wote. Si dhahabu. Ni jiwe.

Limesimama kimo cha goti, rangi ya zambarau iliyochujuka, umbo kama pipa lililobanwa ubavuni, tundu juu la kupitishia kamba. Pande zote limechongwa pweza, kichwa juu, mikono inateremka na kujikunja mpaka pembeni na kuzunguka nyuma, hakuna mahali palipoachwa wazi. Kilo 29. Lilitoka kasri la Knossos, na maelezo ni kwamba ni jiwe la mzani.

Nilidhani pweza ni pambo, kisiwa, bahari, basi. Mwongozaji wa kundi la watalii akafika, anaeleza kwa Kiingereza cha polepole nilichokifuata: wengine wanafikiri pweza amechongwa kila upande ili mtu asiweze kulimega jiwe kidogo kidogo likapungua uzito. Ukikwangua popote, unakata mkono wa pweza, na mkono uliokatwa unaonekana.

Wakuu, nilikaa chini. Kulikuwa na benchi.

Msimu wa juzi mnunuzi mmoja alikuja Mpunguzi na mzani wake mwenyewe. Kreti ambayo sisi tumeipima nyumbani kilo 20 kwake ilisoma 17. Tulipouliza, tukaambiwa zabibu hunywea njiani. Njia gani? Kutoka uani kwangu hadi kwenye lori ni hatua arobaini. Zilikuwa zimeiva, sukari iko juu, ukizirudisha ndani kesho ni siki, kwa hiyo tuliuza. Kreti 112. Hesabu ya kilo tatu tatu fanyeni wenyewe, mimi nimeshaifanya usiku mwingi. Na hawa wa lumbesa sokoni ndio walewale, wanaiba kwa kuongeza badala ya kupunguza.

Halafu naambiwa miaka 3,500 iliyopita kulikuwa na mtu amekaa akafikiri, huyu karani nikimpa jiwe laini ataliparua. Akaita mchongaji. Simjui alikuwa mkulima au mfalme, lakini aliwahi kuibiwa kwenye mzani, hilo naliapia.

Michoro ya ghorofani niliipitia kwa mwendo wa kuchelewa basi. Mruka fahali nilimwona: mmoja kashika pembe, mmoja yuko hewani juu ya mgongo miguu juu, mmoja kanyosha mikono nyuma kumdaka. Kijana wa kwetu akijaribu hivyo kwa dume la jirani atatozwa faini. Zaidi ya hapo, mihuri midogo mingi, mingine ya jino la kiboko, mnyama ambaye wakati huo Krete hakuwapo, ililetwa kwa biashara ya mbali. Nilifurahi kumkuta kiboko ughaibuni.

Mtambo wa kukamulia zabibu sikuuona makumbusho, niliuona siku ya pili yake, walimu wetu walitupeleka magofu ya Vathypetro, kusini mwa Heraklion. Beseni kubwa la udongo lenye mdomo, chini yake chombo kimefukiwa kupokea. Unakanyaga, unatiririka. Mwenzetu mmoja akasema mashine yetu ya chama ina sehemu nyingi zaidi na inaharibika mara nyingi zaidi.

Mizinga ya Itigi, kidani nimekiona. Ni kidogo, sentimita tano hivi. Wawili wameinama wanatazamana, tumbo kwa mistari, mikia imegusana. Kati yao miguu imeshika duara lenye vitone vya dhahabu kama punje za ulezi, midomoni tone moja dogo. Juu ya vichwa kuna kitundu cha waya wa dhahabu na ndani gololi inayocheza. Picha nne nimeambatisha, tatu ni uso wangu kwenye kioo. Ya nne ndiyo.

Baharia Mstaafu

Mama, hongera, ila hilo jiwe ni nanga. Tundu juu, kamba, pweza. Nani anachora pweza kwenye mzani? Nimeona nanga za mawe za namna hiyo pwani nyingi, na wapo wataalamu wanaosema hivyo pia.

Mama Mizabibu (Mpunguzi)

Mzee wangu, kwa heshima zote, kilo 29 zingeshika chombo gani? Na lilikutwa kasrini, kilomita tano kutoka maji. Nanga ilifuata nini huko?

Baharia Mstaafu

Mtumbwi. Na mfalme akiipenda nanga anaipeleka anakotaka, ni yake.

Mwalimu wa Kondoa

Mwachie mzani wake, Baharia. Wapo pia wanaosema kilo 29 zinakaribia kipimo kimoja kikubwa cha biashara cha zama zile, na mabonge ya shaba yaliyofuliwa kwa kusafirishwa yanazunguka uzito huohuo. Mimi namuunga mkono mkulima. Mwanangu, umeandika vizuri. Kilwa nakusubiri.

Mizinga ya Itigi

Nimeitazama hiyo picha ya nne usiku mzima, nimemwita na kaka yangu.

Kiuno ni chembamba kuliko nyuki wangu, sitadanganya. Aliyesema manyigu ana hoja. Lakini angalieni midomo. Nyuki akirudi kutoka malishoni hajimwagii asali kwenye sega mwenyewe. Anakutana mlangoni na mwenzake wa ndani, wanasimama uso kwa uso, wa nje anatoa tone, wa ndani analipokea kwa ulimi, ndipo lipelekwe kwenye sega. Ukifungua mzinga taratibu bila moshi mwingi unawaona wazi, mamia, wawili wawili hivyohivyo. Manyigu wengi hawana asali ya kuweka kwenye sega. Fundi huyo viuno alikosea au alivipunguza kwa urembo, kama washonaji wanavyofanya, lakini alikuwa amekaa mbele ya mzinga uliofunguliwa. Nimelala leo saa nane mchana, nimelala vizuri.

Mdau wa Nkuhungu

Sawa, nimeshindwa. Ila mama, wenzako dukani walinunua nini?

Mama Mizabibu (Mpunguzi)

Sumaku za kubandika kwenye friji, tatu kwa kila mmoja, zote za yule mkuu wa mayungiyungi. Kutwa nzima kwenye basi wanasifu sura yake ilivyo nzuri. Nilinyamaza.